Sauti Mbele ya Picha: Historia ya Kuzungumza kwa Slaidi katika Afrika ya Mashariki



 Walioandaa mhadhara huu waliniuliza, kwa nia njema kabisa, iwapo nitahitaji projekta. Nilipowajibu kwamba sitaihitaji, walinitazama kama mpishi aliyeambiwa kuwa mgeni hatakula. Naomba nieleweke mapema: sina ugomvi na chombo hicho. Nimekitumia kwa miaka mingi, na nitakitumia tena wiki ijayo darasani. Nilichotaka jioni hii ni kukizungumzia bila yeye mwenyewe kuwapo na kutukatiza.

Mada imetokana na jambo ambalo kila mmoja wetu anayekaa katika semina za uzamili amelishuhudia. Mwanafunzi hodari, ambaye nje ya ukumbi anaweza kusimulia utafiti wake kwa ufasaha hata wapita njia wakasimama kumsikiliza, anapanda jukwaani, anawasha kompyuta, anaugeukia ukuta na kuanza kuusoma. Sisi tuliokaa nyuma yake tunausoma pia, tena tunamaliza kabla yake, kisha tunamsubiri. Dakika ishirini zinapita hivyo. Jamii iliyokuwa na neno lake la asili la msemaji stadi, yaani mlumbi, imewezaje kuzaa wasomi wanaosoma ukuta? Wengi hujibu kwamba vijana wa leo hawajiandai. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa sababu nimewaona wakikesha wakijiandaa. Naamini jibu limo katika historia ya picha inayoonyeshwa hadharani, na katika kile ambacho chombo hiki kimekifanyia kitenzi cha Kiswahili.

Usiku wa Shinte

Tuanze mbali kidogo na pwani. Mnamo Januari 1854, David Livingstone alikuwa katika mji wa Shinte, mtawala wa Walunda, katika eneo lililo karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola. Alikuwa amebeba taa ya kurushia picha, chombo kilichotumia mwanga na vipande vya kioo vilivyochorwa. Kila kipande kilisukumwa kwa mkono mbele ya mwanga. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba Livingstone alikuwa na slaidi. Picha ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa ya Ibrahimu akiwa ameinua kisu ili amchinje mwanawe.

Katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1857, Livingstone anasimulia kwamba akina mama walisikiliza maelezo kimya. Lakini alipokisukuma kile kioo ili kukitoa, kisu kilisogea upande wao. Waliruka wote kwa pamoja, wakapiga kelele za kuwaita mama zao, wakakimbia huku wakiangukiana, na hakuna hata mmoja aliyekubali kurudi. Shinte mwenyewe alikaa mpaka mwisho, kisha akakikagua chombo kwa makini.

Wasomaji wa Ulaya walikicheka kisa hiki, na pengine ninyi pia mmetabasamu. Mimi naona kwamba kosa lilikuwa la mzungumzaji. Alikuwa ameieleza picha ilipokuwa imetulia. Wakati wa kuiondoa hakusema neno, akawaachia watazamaji wajitafsirie mwendo wa kisu gizani. Palipokuwa na sauti palikuwa na utulivu, na sauti ilipokatika watu walikimbia. Hata hivyo Livingstone aliona nguvu ya chombo kile. Anaeleza kwamba watu walitoka mbali kuja kuziona picha na kusikia maelezo yake, na kwamba hakuna njia nyingine ya kufundisha ambayo aliwahi kuombwa airudie. Angalieni kwamba walikuja kwa mambo mawili: kuona, na kusikia maelezo.

Vugiri

Miaka themanini baadaye swali lile lile lilifika Tanganyika, safari hii likiwa na bajeti. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, na waliousimamia kazi zake ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa. Zilihusu kilimo, afya, kodi, kuweka akiba katika benki ya posta, na hatari za kijana wa shamba anayekwenda mjini. Waigizaji walikuwa watu wa huko huko.

Itikadi ya mradi huo ilikuwa ya kikoloni na sina haja ya kuitetea. Kinachotuhusu ni tatizo la kiufundi walilokutana nalo, ambalo kwa hakika lilikuwa tatizo la lugha. Filamu zao zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, kisha santuri ikachezwa wakati filamu ikipita. Hebu fikirini kazi hiyo: mashine mbili katika uwanja wa kijiji, kila moja na mwendo wake, na umeme wa jenereta. Santuri ikitangulia, watazamaji wanaambiwa habari za mbegu huku wakiona ng'ombe. Tena santuri haiwezi kujibu swali. Haiwezi kuona kwamba watu wamecheka mahali pasipostahili. Haiwezi kungoja.

Mradi haukuendelezwa baada ya mwaka 1937. Uingereza ilipoanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni mwaka 1939, utaratibu ulioshika mizizi ulikuwa mwingine. Gari la sinema lilikwenda vijijini likiwa na mtu, mwenyeji wa lugha ya pale, aliyesimama na kipaza sauti kando ya kitambaa cheupe. Alipewa maelezo yaliyoandikwa tayari. Lakini mtu akishapewa kipaza sauti mbele ya umati wa watu wa lugha yake, karatasi hubaki karatasi. Alifupisha, alirefusha, aliingiza methali, alimjibu mzee aliyeuliza kwa sauti kubwa kutoka nyuma. Maofisa hawakuwa na njia nzuri ya kujua anasema nini hasa, na hilo liliwasumbua. Kwa maoni yangu, huyu mtu asiyetajwa kwa jina katika vitabu vingi ndiye babu halisi wa kila anayewasilisha mada kwa slaidi katika nchi zetu. Wajukuu wake wa damu tuliwaona katika vibanda vya video vya Dar es Salaam miaka ya 1990 na 2000. Watafsiri kama Lufufu waliichukua filamu ya Kihindi au ya Hong Kong na kuisimulia upya kwa Kiswahili kilichochangamka, na watu walimfuata mtafsiri kuliko walivyoifuata filamu. Kampala nako kazi hiyo imestawi, kwa Kiganda.

Hapa niseme neno kuhusu kisa cha kuku, kwa kuwa hunukuliwa mno katika vitabu vya mawasiliano. Marshall McLuhan alikieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, akimrejelea John Wilson. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini, wakasema wameona kuku. Watengenezaji wa filamu hawakujua hata kwamba kuku alikuwamo. Walipoitazama upya, wakamwona akipita pembeni kwa sekunde moja hivi. Kwa muda mrefu kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha kwamba jicho la Mwafrika halikuzoea picha. Nimehudhuria makongamano ambako profesa alionyesha picha ya darasa la kijijini, na katika kona ya picha palikuwa na mbuzi. Nawahakikishia kwamba maprofesa wote walimtazama mbuzi. Jicho lolote lisiloongozwa na sauti hujichagulia la kutazama.

Joho la Kaizari

Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari. Aliipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka kwa jina la Juliasi Kaizari. Imezoeleka kuizungumzia kazi hiyo kama ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fasihi kuu ya ulimwengu, na ni kweli. Lakini tukumbuke pia kwamba mfasiri alikuwa mtu aliyejenga maisha yake ya siasa kwa mikutano ya hadhara, na kwamba kiini cha tamthilia aliyoichagua ni hotuba mbili zinazotolewa mahali pamoja, kwa umati mmoja, mmoja wa wasemaji akishinda na mwingine akishindwa.

Brutus anatoa hoja zake na kuondoka. Antony ana vifaa vya kuonyesha, tena vitatu: wasia, joho lililotobolewa, na maiti yenyewe. Tazameni anavyovitumia. Wasia anautaja lakini hausomi. Anawaacha watu waudai. Kisha anashuka jukwaani, anawaomba wauzunguke mwili, na hapo ndipo anapoonyesha joho. Tundu hili, anasema, alilipasua fulani, na hili fulani, na hili ni la Brutus. Sasa, Antony hakuwapo Kaizari alipouawa. Alikuwa ametolewa nje kwa hila. Hana namna ya kujua tundu lipi ni la nani. Macho ya umati yanaona kitambaa kilichochanika. Ni sauti inayowafanya waone majina. Kisha ndipo anapolifunua joho ili waone mwili.

Sisemi tumwige Antony katika uadilifu wake. Katika ufundi, hata hivyo, sijaona somo bora zaidi juu ya matumizi ya vielelezo. Kielelezo kinakuja baada ya kusubiriwa. Kinakuja kimoja kimoja. Hakibebi maneno, maneno anayo msemaji. Mwanafunzi wetu, kinyume chake, huanza kwa kuusoma wasia wote katika slaidi ya pili.

Miaka kumi baada ya tafsiri hiyo, nchi ile ile ilifanya jaribio kubwa ambalo halikuwa na picha ukutani hata moja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana chini ya kiongozi wa kikundi. Majadiliano yaliishia katika kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio ilisema kwa wote, lakini katika kila kikundi alikuwapo mtu wa kuyageuza maneno yale yawe ya kijiji chao. Ni yule yule wa kando ya kitambaa cheupe.

Kitenzi kilichopotea

Programu ya PowerPoint ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, chini ya uongozi wa Robert Gaskins. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka huo huo kwa dola milioni 14. Mwanzoni ilikusudiwa kuchapisha kurasa za plastiki za kuwekwa juu ya projekta ya zamani, zile kurasa ambazo wengi wetu tulizibeba kwenye bahasha na kuziangusha mlangoni. Kilichokuwa kipya ni kwamba ukurasa mtupu wa programu ulimngoja mtumiaji ukiwa na kichwa cha habari na orodha yenye vidoti. Taa ya Livingstone ilingoja picha. Hii ilingoja maneno, tena maneno mafupi. Kwa mara ya kwanza katika historia tunayoifuatilia, chombo cha kuonyeshea kilianza kuchukua kazi ya msemaji.

Madhara ya orodha hizo yaliwahi kuchunguzwa rasmi. Chombo cha anga za juu cha Columbia kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu kiligonga bawa lake la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja muhimu kilitia moyo. Katika mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipoelezwa kwamba majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi 3 za ujazo, ilhali kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa inchi 1,920 za ujazo, yaani mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kiliangamia pamoja na watu wote 7 waliokuwamo. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huo, ilijumuisha uchambuzi wa Edward Tufte wa slaidi ile, ikakiri kwamba ni rahisi kuelewa jinsi meneja angeisoma bila kutambua kuwa inazungumzia hatari ya kifo. Slaidi haikusababisha ajali. Iliwazuia watu kuambizana habari waliyokuwa nayo.

Je, sisi wa Kiswahili tunapoteza nini? Chukueni mfano nilioutunga kwa kufuata slaidi nilizozisoma kwa miaka mingi. Kichwa: Changamoto za Sekta ya Maji. Chini yake vidoti vitatu: uboreshaji wa huduma, ushirikishwaji wa jamii, uimarishaji wa miundombinu. Maneno yote ni Kiswahili sanifu, na mnyambuliko wake hauna kosa. Lakini nani ameboresha, au hajaboresha, au ataboresha lini? Ulizeni slaidi hiyo, haitajibu. Sasa sikilizeni sentensi ya mama anayechota maji: hawajatengeneza bomba. Katika neno hilo la kwanza, kiambishi cha mwanzo kinakanusha, kinachofuata kinawataja wahusika, na kile cha tatu, -ja-, kinasema kwamba jambo halijafanyika ila bado linatarajiwa. Kuna lawama mle, na kuna matumaini. Ukilifanya kuwa nomino, utengenezaji wa bomba, mtendaji ametoweka, wakati umetoweka, na ile -ja- haina mahali pa kukaa. Hakuna nomino ya Kiswahili inayoweza kuibeba. Lugha yetu huweka karibu kila kitu katika kitenzi, na orodha ya vidoti hukiondoa kitenzi kwanza.

Hali huwa mbaya zaidi slaidi inapokuwa ya Kiingereza na sauti ya Kiswahili, kama ilivyo kawaida sasa hata katika mikutano yetu wenyewe. Bunge la Kenya lililijua jambo hili mapema. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza mijadala iendeshwe kwa Kiswahili, huku miswada ikibaki kwa Kiingereza. Mbunge alisimama na karatasi ya lugha moja mkononi na ulimi wa lugha nyingine kinywani. Afanyaye hivyo hazungumzi. Anatafsiri akiwa amesimama, na nusu ya akili yake imo ukutani. Wala hatuwezi kusingizia zana. Programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili zilikuwapo tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa hapa Tanzania ulipotoa Jambo OpenOffice. Ugomvi wa kompyuta na tarakilishi siuingii leo, maana utatuweka hapa hadi alfajiri.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kongamano moja ambalo sitalitaja, kijana mmoja alikuwa akiwasilisha utafiti wake kuhusu nyimbo za wavuvi. Katika slaidi ya nne umeme ukakatika. Alinyamaza, akashika waya, akaomba radhi, akasubiri. Mzee mmoja aliyekuwa mbele akamwambia, "Mwanangu, hebu tuambie tu ulichokiona huko." Yule kijana akaanza taratibu. Alitueleza jinsi manahodha walivyokataa kumwimbia nchi kavu, akalazimika kwenda nao majini, akatapika njia nzima, na kwamba ni wakati alipokuwa akitapika ndipo walipoanza kuimba, kwa kumcheka. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yake ya kitaaluma, kwamba zile ni nyimbo za kazi na dhihaka, zisizopatikana kwa mahojiano. Katika slaidi zake hoja hiyo iliitwa Mbinu za Ukusanyaji wa Data. Umeme uliporudi alitabasamu kwa faraja, akaugeukia ukuta, akaendelea na slaidi ya tano.

Ninayoyapendekeza, basi, ni machache. Idara zetu ziwatake wanafunzi waandike kichwa cha kila slaidi kama sentensi kamili yenye kitenzi chenye mtendaji, kwa Kiswahili pale kozi inapofundishwa kwa Kiswahili. Katika chuo ambacho Idara yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1970, hilo si kudai makubwa. Chini ya sentensi hiyo iwepo picha, ramani, jedwali dogo au mstari wa data unaochambuliwa, na maelezo yatoke kinywani. Mwanafunzi afundishwe kuzima ukuta asipouhitaji: katika PowerPoint, ukibonyeza herufi B wakati wa kuonyesha, ukuta unakuwa mweusi na watu wanakugeukia. Watu wachache sana wanaijua herufi hiyo. Na katika mtihani wa semina, kabla ya kuwasha kompyuta, kila mtahiniwa apewe dakika tano za kueleza utafiti wake bila kitu chochote mkononi. Nimelijaribu hili na wanafunzi wangu kwa mihula kadhaa. Muhula wa kwanza walinung'unika sana, na mmoja aliniuliza kama ni adhabu. Alama za sehemu hiyo ndizo zimekuwa zikipanda haraka kuliko nyingine zote, ingawa nakiri kwamba msahihishaji ni mimi mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua wapo humu wenzangu wa idara za sayansi ambao watasema kwamba grafu zao hazisimuliki. Ningependa kuwasikia. Kwa kuwa hatukuzima taa, naona mikono imeshaanza kuinuka.